Nondo ya Kengele

Rafiki yangu Nthenya, mwalimu kule Kariobangi, si mtu wa porojo. Korona ilipofunga shule ghafla, alibeba nondo ya kugongea kengele hadi kwake Umoja, wezi wa vyuma wasiichukue. Akaiegemeza nyuma ya mlango.

Siku ya kwanza ya kufundisha kwa video ya simu, mvua ilitia giza chumbani. Katikati ya hesabu, watoto wote, kila mmoja kwao, wakasimama.

"Mnaenda wapi?"

"Kengele ya kwenda nyumbani imelia, mwalimu," Kasiva akajibu.

"Si mko nyumbani!"

Nthenya alisikia milango ikifunguka, nyumba baada ya nyumba, kisha kimya. Simuni vikabaki viti vitupu.

Ndipo akasikia mvumo mwembamba nyuma ya mlango wake. Akaishika ile nondo. Ilikuwa bado inatetemeka.