Bibi Harusi Aliyedai Laptop Nene

"Apana, Baba. Sikubali."

Sebule nzima ya wanawake ikageuka. Aliyekuwa anapiga dufu akaacha mkono hewani.

Mzee Muhanna alikuwa amesimama mlangoni na mashahidi wawili. Amekuja kumuuliza binti yake, Mahfudha, kama anakubali kuozeshwa kwa Hamissi. Sasa nyinyi mnajua kwetu Buyenzi, hapa Bujumbura, mambo haya yanavyokwenda. Mwali akiulizwa, anainamisha kichwa na kunyamaza. Kimya chake ndiyo ridhaa. Mashahidi wanaondoka, vigelegele vinapigwa, watu wanakula pilau na kuwahi makwao kabla ya saa ya kutotoka nje.

Nani alishawahi kusikia mwali akifungua mdomo na kusema apana?

"Kwa nini, mutoto wangu?" Mzee akauliza.

"Mahari aliyoleta Hamissi si ile tuliyopatana. Amenidanganya, Baba."

Mbele yake, juu ya sinia lililopambwa maua, kulikuwa na laptop. Nyembamba, rangi ya fedha, inang'aa... nzuri, usipime. Lakini Mahfudha alipoiwasha, kwenye kioo kulikuwa na ndege ya gemu inayojaribu kuruka, na wallahi ilikuwa inatia huruma. Inasogea, inaganda. Inasogea, inaganda. Mwisho ikaangukia pua kwenye nyasi na kubaki hapo.

Mahfudha alikuwa analia mpaka wanja umeshuka shavuni.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana najua mmeshaanza kuulizana, laptop na mahari wapi na wapi?

Ilikuwa 2003, vita bado. Kaka yake Mahfudha, Bader, alikuwa ameshauawa kwenye barabara ya kupanda Bugarama, huko milimani, gari lao liliposhambuliwa kwenye kona. Tangu hapo Mahfudha hakutoka tena nje ya mji kwa gari. Akawa mtu wa kuangalia ndege. Kila inayokuja kutua, yuko uani, shingo juu. Siku moja akasema atakuwa rubani, kwa sababu huko juu hakuna mtu wa kukuvizia kwenye kona.

Watu walicheka sana. Yeye hakucheka.

Akaomba nafasi kwenye chuo kimoja cha urubani Nairobi, wakamwita kwenye majaribio. Unakalishwa mbele ya mashine inayoiga ndege, unairusha, wakubwa wanakutazama mikono. Wenzake wa kule walikuwa na pa kujizoezea. Yeye hapa Bujumbura angejizoezea wapi? Njia ilikuwa moja tu, ile gemu ya ndege yenye kila kitufe cha rubani. Na gemu ile haikubali kompyuta yoyote tu, inachagua.

Basi Hamissi alipokuja kuposa, mwali akaulizwa anataka mahari gani, kama sheria inavyosema. Jibu likatoka ndani: si dhahabu, si kitanda. Laptop ya kurushia ndege.

Hamissi alikuwa mtunza stoo kwenye bohari moja ya Zone Industrielle, eneo la viwanda, hana makuu. Lakini hakucheka hata kidogo. Aliuliza tu, "Inatakiwa ya namna gani?" Hapo ndipo Mahfudha alipompenda.

Wakaenda pamoja, na shangazi Hiba katikati yao kama heshima inavyotaka, mpaka Mutakura, kaskazini ya mji, kwa Eddy, fundi aliyekuwa anauza laptop zilizotumika kutoka Dubai. Eddy akaweka mbili mezani.

"Hii nyembamba ni ya mabosi," akasema. "Nyepesi, betri inakaa. Lakini haina kadi yake ya picha, inaazima memori ya mashini. Kuandika barua, sawa. Ndege itaishinda."

"Na hii ingine?" Hamissi akauliza.

"Hii haina sura. Nene, nzito, betri imechoka, feni inalia kama kinu cha kusaga mahindi. Lakini iko na kadi yake ya picha, na memori yake. Na bei iko chini, maana hakuna mutu anaitaka."

"Washa, tuone," Mahfudha akasema.

Eddy akaweka gemu. Ndege ikakimbia, ikapaa laini, ziwa likabaki chini, bluu tupu. Mahfudha akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Hamissi akamwona, akatoa hela.

Shangazi Hiba aliitazama ile nene kama mtu aliyeonyeshwa panya jikoni.

Haya, turudi kwenye harusi.

Hamissi aliitwa mlangoni, kanzu nyeupe, jasho linamtoka. Akaona kilichokuwa kwenye sinia.

"Hii siyo," akasema.

"Umeileta we," Mahfudha akamjibu.

"Mi nilileta ile nene. Jana, mkononi mwa shangazi. Haki ya Mungu."

Macho yote yakageuka kwa shangazi Hiba. Mwanamke huyu ndiye aliyemlea Mahfudha tangu mama yake afariki. Ndiye aliyempaka hina, ndiye aliyepanga masinia. Alikuwa ameficha mkono wa kushoto chini ya mtandio.

Mahfudha akauvuta ule mtandio taratibu. Bangili ya dhahabu, ambayo shangazi hakuwahi kuivua, haikuwepo.

"Shangazi... bangili iko wapi?"

"Kwa Eddy," Hiba akasema. "Niliongezea juu ya ile nene, akanipa hii."

Umesikia? Katoa dhahabu yake mwenyewe ili anunue mashine isiyoweza kurusha ndege!

"Lakini mi nilikuuliza," shangazi akaendelea. "Jana, uko chini ya kanga, tunakupaka hina. Nikasema, mwanangu, mashini yenu ni aibu kwenye sinia, majirani watatucheka, nikabadilishe? We ukanyamaza."

Mahfudha akakumbuka. Alisikia, tena vizuri. Akataka kusema ithubutu. Lakini mwali hasemi. Akajiambia shangazi anapiga soga tu.

"Mwali hasemi, Shangazi."

"Na kimya chake ni ndiyo. Mi sikuitunga hiyo."

"We ulikuwepo kwa Eddy. Ulimusikia. Ulijua haitarusha ndege."

Hiba akakaa chini kwenye mkeka. Uso wote wa ukali ukamwondoka, akabaki mama mzee aliyechoka.

"Nilijua," akasema. "Nilisema ukikosa pa kujizoezea utashindwa, ukishindwa utabaki hapa hapa, nikuone. Bader nilimubeba mgongoni mimi. Aliniaga asubuhi anakwenda kununua viazi. Sina mwingine wa kuaga."

Mahfudha alikuwa na hasira, na alimwonea huruma, vyote kwa pamoja, na hakujua aanze na kipi. Alimpenda mno mwanamke yule, ndiyo maana ilimuuma vile.

Wakati wanatazamana, Hamissi alikuwa ameshaichukua ile nyembamba na kuiweka kwapani.

"Unakwenda wapi?" Mzee Muhanna akauliza.

"Kwa Eddy. Kabla hajaiuza."

"Huko kaskazini risasi zimeanza," shahidi mmoja akasema.

"Hamissi, acha," Mahfudha akamwambia. "Mahari inaweza kungoja."

"We ndo huwezi kungoja. Majaribio yako karibu." Akatoka, akawasha gari la kuazima, akaondoka.

Jua likaanza kuteremka kuelekea milima ya Kongo. Pilau likapoa. Milio ilikuwa inasikika, mara moja moja, halafu mfululizo, halafu kimya, na kimya ndicho kilichokuwa kinatisha zaidi. Shangazi Hiba akasimama getini na hakukubali kukaa. Alitaka kumzuia mtoto mmoja asiondoke, sasa amempeleka mtoto wa watu barabarani. Midomo yake ilikuwa inasoma dua bila kukoma.

Saa ya kutotoka nje ikafika. Hamissi hayupo.

Mahfudha akavua ushungi wa harusi, akaja kusimama kando ya shangazi yake.

Ndipo mtu akatokea kwenye kona ya barabara, anatembea kwa miguu, kanzu imekuwa rangi ya vumbi, gunia begani. Gari wanajeshi walilizuia kizuizini. Gunia walilifungua, wakauliza hili dude ni nini.

"Nikawaambia ni mahari," Hamissi akasema. "Wakacheka, wakaniacha nipite."

Hiba alimshika uso kwa mikono miwili, akalia kwa sauti.

Bangili haikurudi, Eddy alikuwa ameshaiuza.

Mzee Muhanna akarudi na mashahidi wake, akauliza upya. Mahfudha hakuinamisha kichwa.

"Nimekubali, Baba," akasema, mpaka wanaume wa barazani wakasikia.

Wageni walilala pale pale, njia zimefungwa. Baada ya kula, ile nene ikawekwa juu ya meza, feni ikaanza kulia. Ndege ikapaa, ikaliacha ziwa, ikageukia milimani.

"Hapo unakwenda wapi?" shangazi akauliza.

"Bugarama."

Hiba akasogea karibu. "Shuka kidogo. Nionyeshe ile barabara."

Mahfudha akashuka. Milima ya kijani, mabonde, milima tena. Walioitengeneza gemu hawakuwahi kufika kwetu. Waliweka milima, hawakuweka kingine.

"Hakuna barabara, Shangazi. Wala kona."

Hiba akagusa kioo kwa mkono wake usio na bangili.

"Basi nenda," akasema. "Nenda Nairobi."

Wapendwa, sina mengi. Unayetafuta laptop ya kurushia ndege na mfuko wako mdogo, uliza kadi ya picha kwanza, uzuri waachie wa masinia. Na wewe binti unayeulizwa jambo la maisha yako ukiwa umefunikwa kanga, toa sauti. Ukinyamaza, anayekupenda kuliko wote ndiye atakayekujibia, na atajibu kwa woga wake.