Propela Isiyotiwa Alama

Saa nne asubuhi, gari likiwa limezimwa tangu jana yake na propela yake ikiwa imelazwa mezani, nati nane ndani ya sahani ya bati zilianza kutetemeka. Fundi aliweka kiganja juu ya meza. Meza ilikuwa imetulia. Sahani nayo ilikuwa imetulia. Nati peke yake ndizo zilizotetemeka, na zilinuka nywele zilizoungua.

"Kaka," aliita kwa sauti ndogo, "njoo uone."

"Sitaki kuona." Kaka yake alikuwa ameketi kando ya mlango wa karakana. Mikono yake, mapajani, ilitetemeka kwa mwendo uleule wa nati.

Mambo yalikuwa yametokea kwa utaratibu huu. Wiki tatu kabla, gari hilo la miaka hamsini liliingia karakanani kwa sababu lilitikisika kila lilipofika kasi ya sitini. Propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, ilikuwa imelika kwenye krosi yake, kile kiungo cha msalaba kinachoiruhusu kupinda. Kaka ndiye aliyelala chini ya gari kuifungua. Kaka huyohuyo ndiye aliyemfundisha mdogo wake ufundi, akimgonga vidole kwa chaki kila aliposahau: weka alama kabla ya kufungua, ili kila jino lirudi lilikotoka. Siku hiyo, kabla hajaishika chaki, alisikia sauti ya mdogo wake miguuni pake: "Nimeshaweka, Kaka. Fungua tu." Akafungua. Mdogo wake wakati huo alikuwa mtaa wa pili, dukani, akichagua krosi mpya.

Propela iliporudishwa, mtikisiko uliongezeka maradufu. Jioni hiyo Kaka alishindwa kushika kikombe; tangu hapo hakushika spana, na jana yake ni Fundi aliyeifungua propela tena.

Mwenye gari aliwasili saa tano. Kwa kazi yake alikuwa mganga wa kupunga majini.

"Mzee, si ndiyo shughuli yako hii?" Fundi alimwuliza. "Litoe jini hili."

"Mganga hajigangi, binti yangu." Alifuta jasho. "Nimelisomea siku saba, linanicheka. Limepata nyumba pale pasipo na alama. Itupe propela hii, nitatafuta nyingine."

"Na mikono ya kaka yangu?"

Mganga aliinamisha macho. "Mtetemo ukikosa chuma chake, utabaki ulipo."

"Basi haitupwi."

"Litakuua barabarani!"

"Propela inachomekwa kwenye meno kumi na sita. Moja ndilo la kweli. Nitayajaribu yote, na yeye atahesabu pamoja nami."

Jicho halikumsaidia, maana popote alipoizungusha propela, ncha zake mbili zilionekana zimelingana. Kwa hiyo alifuata njia moja: kuchomoa, kusogeza jino moja, kutia chaki, kufunga, kwenda barabarani hadi sitini, kurudi. Jino la kwanza, sakafu ya gari iligongwa kama mlango. La tano, kioo cha nyuma kilipasuka. La tisa, kiti cha nyuma, ambacho hakikuwa na mtu, kilibonyea.

Na alipokuwa chini ya gari kwa jino la kumi na moja, jua la alasiri likiwa bado kali mlangoni, harufu ya nywele ilimjia puani kisha kooni, pumzi ya baridi ikampanda kutoka kifundo cha mguu hadi gotini, na mtetemo, bila injini, bila kitu chochote kilichozunguka, ukaingia kwenye spana, ukapita kiwikoni, ukafika kwenye meno ya kinywa chake mwenyewe, hata asijue kama ni yeye aliyekuwa akilia au ni chuma, na hapo ndipo sauti ya kaka yake, ya upole, iliposema miguuni pake: "Nimeshaweka alama, mdogo wangu. Hapo hapo. Funga, tupumzike."

Fundi aliitoa spana kwenye nati.

"Kaka yangu hajawahi kutaja kupumzika kabla kazi haijaisha," alisema. "Kama umeweka, nionyeshe chaki."

Alinyoosha kiganja wazi kuelekea miguuni pake.

"Huna chaki. Huna hata kidole cha kuishikia. Sogea, unaniziba mwanga."

Kitu kilipiga ukelele kama bati linalochanwa.

"Unasema na nani huko?" Kaka aliuliza kutoka mlangoni.

"Na mgeni asiye na adabu."

"Mwulize kama anajua kushika tochi."

Kwa jino la kumi na nne, alimketisha Kaka kando yake garini na kumpa glasi ya maji iliyojaa.

"Yatamwagika, mdogo wangu."

"Yamwagike."

Hamsini. Maji yaliruka. Sitini. Yalitulia. Sabini, themanini, uso wa maji ulikuwa bapa kama kioo.

"Kunywa," Fundi alinong'ona.

Kaka alikunywa. Hakuna tone lililoanguka.

Waliporudi, Kaka mwenyewe aliingia chini ya gari na patasi na nyundo. Alipiga mara moja tu, akaacha alama ndani ya chuma.

Jumatatu iliyofuata waliinamia gari jingine, Kaka upande huu, Fundi upande ule. Kabla yeyote hajagusa chaki, sauti ilitoka chini katikati yao, tamu, yenye haraka: "Nimeshaweka."

Ndugu wawili walitazamana.

"Tuonyeshe!" walisema kwa pamoja, na kila mmoja akachukua chaki yake.