Utakunywa Tukishinda

Katoni ya maji ilifunguliwa kando ya uwanja wa Wote, siku ya mazoezi ya kwanza ya kocha mpya, na chupa zote zikakutwa tupu. Vifuniko vilikuwa vimebana kama vilivyotoka dukani. Plastiki ya katoni haikuwa na tundu. Ndani ya chupa hapakuwa na hata tone.

"Ndunge!" Kocha Kimeu aliita. "Wewe ulinunua hewa?"

Ndunge, meneja wa timu, alikuwa amewapokea makocha wengi wa Nzau Stars na kuwasindikiza wengi zaidi. Aliokota chupa moja, akaitikisa. "Asi! Kocha, hii katoni nimeibeba mimi mwenyewe kutoka kwa gari. Ilikuwa nzito."

"Basi uliyanywa njiani."

Wachezaji walicheka kwa woga, kama mtu anavyocheka akimwona mwenzake anachapwa. Ndunge aliirudisha chupa katonini. Alijua anajibizana na nani.

Nzau Stars ilikuwa timu kubwa, wala mtu asikudanganye kwa sababu ya hali iliyokuwa nayo msimu huo. Makabati ya ofisi yao yalijaa vikombe, na watu wa Makueni walikuwa wakifunga maduka siku ya mechi. Sasa ilikuwa inaburura mkia wa ligi, na mfa maji haachi kutapatapa, ndipo wakamleta Kimeu. Mdomo wa Kimeu ulijulikana kuliko mpira wake. Siku aliyotambulishwa, mwandishi mmoja alimuuliza kama anaogopa kushuka daraja, naye akamwambia, "Swali lako limechoka kuliko washambuliaji wangu. Mwingine." Mashabiki walipiga makofi. Watu wanapenda sana mtu mwenye miiba, mradi miiba imchome mwingine.

Neno moja tu halikuwahi kusikika kinywani mwake: samahani. Kwake lilikuwa neno la walioshindwa.

Alikuwa na sheria yake pia, na aliileta Wote pamoja na filimbi yake. Hakuna kunywa maji mpaka yeye aseme. Ukame wa Ukambani aliuita mwalimu wa bure.

Wiki ile chupa ziliendelea kukutwa tupu. Ndunge alibadilisha duka, akajaza madumu kwenye bomba lake mwenyewe, akayafungia ofisini. Jua likianza kuzama, maji yanatoweka. Kisha ikaja harufu ya tende, tamu na nzito, ikizunguka benchi la ufundi wakati hakuna mtu aliyekuwa na tende. Baada ya harufu ikaja sauti. Ilikuwa ya koo likimeza, glu, glu, glu, nyuma tu ya kisogo cha Kimeu, na akigeuka anaona ukuta.

Usiku wenyewe wala haukuwa wa kuogofya. Ilikuwa ni saa ya magharibi tu, ile saa watu wa dini husema mtoto asiachwe nje. Adhana ikisikika kutoka msikiti wa sokoni, koo la Kimeu linafunga. Akinywa chai anahisi vumbi. Akinywa maji, yanaingia mdomoni kama maji na kushuka kama mchanga wa mtoni, na anabaki ameshika shingo hadi giza liingie, ndipo linamwachia.

Jamal, kipa na nahodha, alimkuta hivyo nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo, amepiga magoti chini ya bomba.

"Kocha," alisema kwa sauti ya chini, akitazama nyuma yake kwanza. "Ninaweza kukuuliza kitu na usinipige benchi?"

"Uliza."

"Sahal ulimfanyia nini?"

Kimeu alifunga bomba. "Hilo jina umelitoa wapi?"

"Jana nikiwa golini nilisikia mtu nyuma ya wavu. Alikuwa anaomba maji. Nikamwambia ngoja tumalize. Akaniambia, 'Hata kocha wako aliniambia hivyo.' Nikamuuliza wewe ni nani, akasema Sahal." Jamal alitazama tena nyuma yake. "Kocha, nyuma ya wavu hakukuwa na mtu."

Kisa cha Sahal kilijulikana Mwingi nzima, hata kama Kimeu alidhani kimezikwa. Mwaka juzi alikuwa akifundisha timu ndogo ya huko, na Sahal alikuwa winga wake, kijana mtiifu, mtoto wa pekee wa mama muuza mbuzi. Mechi moja iliangukia Ramadhani, refa akachelewa, adhana ya magharibi ikaadhiniwa mpira bado unachezwa. Sahal alikimbia hadi kwenye mstari, akashika chupa, akasema bismillahi. Kimeu akamnyang'anya chupa ile mdomoni na kuimwaga chini, yote, mbele ya watu.

"Utakunywa tukishinda," alimwambia.

Kijana akarudi uwanjani kwa sababu alifunzwa kumtii mkubwa. Alianguka kabla ya filimbi ya mwisho, na mama yake alikuwa pale kwenye ua wa uwanja, na tende zake za futari zimefungwa kwenye leso. Timu ilisema moyo ulikuwa mbovu tangu zamani. Kimeu akasema redioni kwamba mpira si mchezo wa wagonjwa. Mazishini hakwenda. Mimi ninayesimulia sina huruma naye, na nasema wazi ili msomaji asiitafute hapa.

Jamal alimpeleka Kitui kwa mjomba wake, Maalim Abdallah, anayefundisha madrasa na kuwasomea wagonjwa. Kimeu aliingia na viatu vyake vya mpira hadi mlangoni, akaambiwa avivue, akavua huku akinung'unika. Maalim alimsikiliza mpaka mwisho.

"Maiti harudi, mwanangu," alisema. "Aliyekufa ana shughuli zake. Lakini kila mtu anazaliwa na jini wake, anaitwa karini. Analala naye, anaamka naye, anaona yote. Sahal alifunga saumu, na karini wake alikuwa naye. Sahal amekwenda kwa Mola wake. Huyu amebaki na ile kiu, hajafungua mpaka leo, na anajua nani aliyemwaga maji."

"Basi mfukuze. Nitakulipa."

"Namfukuzaje mwenye haki? Jini anayeonea watu namsomea anatoka. Huyu anadai." Maalim alivuta kikombe cha maji, akakifunika kwa mkono. "Chukua maji kwa mkono wako mwenyewe. Nenda kwa mama wa kijana. Mpe, mwombe msamaha kwa mdomo wako. Usimtume mtu, na usikawie. Kiu yake ikizidi, haitachagua koo."

Mtu mwingine angeondoka hapo moja kwa moja hadi Mwingi. Kimeu alirudi Wote, akanunua mbuzi dume na katoni ya maji, akampa Ndunge apeleke. Alisema ana mechi ya kupanga. Ukweli ni kwamba lile neno lilimkwama.

Ndunge alirudi jioni na mbuzi yule yule ndani ya gari, akilia njaa.

"Mama Sahal amesemaje?"

"Anaitwa Ismahan," Ndunge alisema. "Amesema, 'Mwambie mbuzi mimi nauza. Maji alimwaga kwa mkono wake, alete kwa mkono wake.'" Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Kocha, enda. Mimi naogopa. Huyo mama hakulia. Alinipa chai, akaniuliza watoto wangu wako aje."

"Sipangiwi kazi na mwanamke wa soko," alijibu Kimeu.

Mechi iliyofuata ilikuwa ya kufa na kupona. Uwanja wa Wote ulijaa, vuvuzela zikalia, na kwa muda Nzau walicheza kama Nzau wa zamani, hata wazee wakasimama. Kisha jua likagusa vilima na adhana ikaanza, na Kimeu akamwona. Alikuwa upande wa pili wa uwanja, amevaa jezi ya timu ile ndogo ya Mwingi, midomo imepasuka na kuwa myeupe, akitembea polepole juu ya mstari bila refa kumwona, na kila alipompita mchezaji wa Nzau alinyoosha kidole akamgusa shingoni kwa upole, kama daktari anayetafuta mshipa, na mchezaji huyo akasimama, akashika koo, akaangalia benchi, na Sahal, au kilichovaa sura ya Sahal, akaendelea kwa mwingine, na kwa mwingine, huku harufu ya tende ikijaa pua za Kimeu na ile sauti ya kumeza ikipanda hadi ikafunika vuvuzela zote, mpaka akafika golini, akasimama mbele ya Jamal, na badala ya kidole akamwekea kiganja kizima.

Jamal alianguka chali. Ulimi wake ulikuwa umekauka kama kipande cha ngozi.

Hospitalini walimtundikia maji ya mshipani. Mfuko wa kwanza ukaisha kabla nesi hajafika mlangoni, wa pili ukaisha akiutazama. Kitanda kilikuwa kikavu, sakafu ilikuwa kavu, na midomo ya Jamal ilizidi kupasuka. Daktari alikagua mrija, akakagua sindano, akaagiza mfuko mwingine.

Ndunge alimshika Kimeu shati. Hakumwita kocha. "Kimeu. Huyu ni mtoto wa mtu. Wa pili. Kesho asubuhi tunaenda Mwingi, na kama hutaki kuingia kwa gari nitakufunga kamba kama yule mbuzi."

Alikubali. Nadhani alimhurumia Jamal kidogo, na zaidi aliogopa kwamba atakayefuata ni yeye. Walichelewa njiani, maana kila chupa aliyoshika iliisha mkononi mwake, na ikabidi wanunue nyingine Kitui, na nyingine tena mbele. Ndunge ndiye aliyegundua kwamba akiikumbatia kifuani na kurudia lile neno, haipungui. Kwa hiyo njia nzima, mtu ambaye hakuwahi kumwomba mtu radhi alisafiri akisema "nisamehe, nisamehe," huku meneja wake akiendesha na kulia.

Walifika Mwingi jua likitua. Boma la Ismahan lilikuwa mwisho wa mji, juu kidogo ya mto wa mchanga ambao wanawake huchimba visima vya mkono humo wakati wa kiangazi. Mama yule alikuwa akifungia mbuzi. Alikuwa mrefu, mwenye shela ya kijani, na hakushangaa.

Kimeu alipiga magoti kwenye samadi. Alinyoosha chupa kwa mikono miwili.

"Mama, nilikosa," alisema. "Nisamehe. Nilimwaga maji ya mtoto wako. Nisamehe, mama."

Ismahan alipokea chupa. Akafungua kifuniko. Adhana ikaanza kule mjini. Ndunge aliniapia kwamba aliona kivuli kimesimama nyuma ya mama yule, kirefu kama kijana, kimeinamisha kichwa kama mtoto anayengoja kuhudumiwa. Ismahan aliinamisha chupa, akaimwaga chini taratibu, na kivuli kikapiga magoti pale pale, glu, glu, glu, mpaka udongo ukawa mkavu tena. Kisha hapakuwa na kivuli.

"Alhamdulillahi," mama alisema. "Mtoto amefungua."

Simu ya Ndunge ililia. Ilikuwa hospitali. Jamal alikuwa ameamka, amekunywa jagi zima, anaomba jingine.

Ndunge alicheka na kulia pamoja. Lakini Kimeu alikuwa bado amepiga magoti, amejishika koo kwa mikono yote miwili, na macho yamemtoka. "Maji," alisema. "Mama, nipe maji."

Ismahan aliingia ndani, akatoka na kikombe kimejaa. Akampa Ndunge, kwa kuwa mgeni ametoka mbali. Kisha akamwinamia Kimeu, karibu kabisa na sikio, na hakupandisha sauti.

"Nilikuwa pale kwa ua," alisema. "Nilisikia vile ulimwambia. Utakunywa tukishinda."

"Mama, nimeomba msamaha!"

"Nimesikia. Umeomba kwa sababu ya koo yako."

Ndunge alijaribu kumpa kikombe chake. Kilifika midomoni mwa Kimeu kitupu. Mwanamume yule alipiga kelele, kelele isiyo na mate, akakimbia kuteremka hadi mtoni, akaruka ndani ya kisima cha mchanga na kuanza kuchimba kwa kucha, na kadiri alivyochimba ndivyo maji yalivyoshuka, yakimeta chini yake umbali wa mkono mmoja tu. Watu walimtafuta kwa tochi mpaka alfajiri. Walikuta mashimo mengi, na filimbi yake.

Nzau Stars haikushuka daraja. Jamal bado ni nahodha, na maji ya benchi lao yananywewa na kila mtu, wakati wowote. Lakini ukienda Mwingi kuchota maji mtoni, wanawake watakuonya uondoke kabla ya magharibi. Ukichelewa, utasikia sauti kavu ikitoka chini ya mchanga, ikiuliza, "Tumeshinda?" Usijibu ndiyo. Aliyewahi kujibu alifika nyumbani na mtungi mtupu.

Yuko mmoja tu anayeijibu kila jioni, akirudisha mbuzi wake kutoka malishoni. Huwa hasimami wala hageuki.

"Tumeshinda?" sauti inamuuliza.

"Bado," Ismahan anasema, na kuwaswaga mbuzi nyumbani.