Teke la Thelathini-Sifuri-Sita

Katika miezi minane ya mabishano yao sikugundua jambo lililokuwa wazi mbele ya macho yangu: kwamba bunduki walizokuwa wakizichagua zisingeweza kutumia risasi za aina moja. Nilikuwapo mezani. Ni mimi niliyewachorea jedwali la uzito wa risasi, kasi yake na ukali wa teke lake begani mwa mpigaji, kwa kuwa kazi yangu chuoni ni kupima vitu, nikadhani kipimo kingewapatanisha. Jedwali lilikuwa sahihi. Lilikosa safu moja tu, na safu hiyo ndiyo iliyokaribia kumuua mtu.

Ghulamabbas, mzaliwa wa Tanga, alikuwa mfamasia mwenye duka la dawa mtaa wa Mount Dennis, huku ughaibuni kwenye nchi ya baridi. Hyder, mume wa dada yake Nilofar, aliuza vigae mjini Vaughan. Kila Alhamisi, majlis, kikao chetu cha ibada, ilipokwisha pale barabara ya Bathurst, walikaa na vikombe vya chai wakabishana juu ya bunduki ya kuwindia kulungu. Ghulamabbas alitaka kaliba, yaani kipimo cha risasi, ya thelathini-sifuri-sita, ili mnyama aanguke palepale. Hyder alitaka tatu-sifuri-nane, yenye ganda fupi na teke la huruma, kwa hoja kwamba asiyeliogopa teke hulenga vizuri zaidi. Wote wawili waliitegemea sheria ile ile ya dini: mnyama akikutwa hai baada ya kupigwa, achinjwe. Kila mmoja aliapa kwamba kaliba yake ndiyo itakayowaepusha na mbio za kumfuata majeruhi wakiwa na kisu mkononi.

Domina, msaidizi wa Ghulamabbas dukani, alikuwa binti wa askari wa wanyamapori wa Songea. Kila Novemba aliwinda kwenye misitu ya kaskazini ya Parry Sound kwa bunduki kuukuu ya tatu-sifuri-tatu, aina aliyoizoea tangu utoto. Mabishano yalipohamia hata dukani, aliwasikiliza hadi akachoka.

"Wazee wangu," alisema siku moja, "chagueni aina moja, mnunue mbili. Mtagawana risasi."

Nilimsikia bila kumsikiliza, kwa maana nilikuwa nikipiga mistari ya jedwali. Nao wakanunua kila mtu yake.

Novemba ya mwaka 2011 Domina aliwachukua kwa gari lake. Aliwapanga kwenye ukingo wa mwamba, akawaonyesha kwa mkono upande wa barabara, kisha akawaambia maneno machache: saa kumi wakutane garini, wakipotea wasitembee, wapige risasi tatu mfululizo, wangoje, wapige tatu tena. "Moja watu watadhani mmepata kulungu. Tatu ndizo zitakazonileta." Akaenda kwenye kituo chake, nyuma ya kilima.

Saa saba na nusu kulungu dume alitoka kwenye misonobari, akasimama. Ghulamabbas alisema bismillahi, akafyatua. Mnyama aliinama, akainuka, akakimbia mguu mmoja wa nyuma ukining'inia. Hyder alimfyatulia mara tatu, na risasi zote zikaingia kwenye miti.

"Yu hai!" Ghulamabbas alipiga kelele. "Twende, tumuwahi!"

Wakakimbia. Walikimbia kama watu wanaokimbilia kutimiza wajibu, na katika pupa hiyo wakaiacha mikoba yao mwambani: dira, maji, kiberiti, soksi za akiba, na kisanduku cha risasi cha Hyder. Ghulamabbas alikuwa na risasi zake mfukoni, juu kifuani, kwa kuwa hakuwahi kumwamini mtu yeyote azitunze. Walifuata matone ya damu kupitia vichaka, wakavuka kijito, wakapanda, wakateremka. Kila walipomwona, kulungu alikuwa mbele kidogo. Kisha theluji ikaanza kuanguka, mwanzo kama unga uliomwagika, baadaye nzito kiasi cha kuyafunga macho. Katika muda wa nusu saa iliifukia damu, na nyayo za kulungu, na nyayo zao wenyewe.

"Barabara iko huku," alisema Ghulamabbas.

"Huku ndiko tulikotoka, shemeji."

"Tulikotoka ndiko iliko barabara."

"Basi mbona unanielekeza kule?"

Simu ya Hyder haikuonyesha hata mstari mmoja wa mtandao. Domina alikuwa amewakataza kutembea, wakatembea. Ghulamabbas aliongoza kwa uhakika wa mtu aliyezoea kusoma maandishi madogo kwenye chupa, na uhakika huo ukampeleka moja kwa moja juu ya bwawa la wale panya wakubwa wa majini wanaokata miti kwa meno. Barafu ilikuwa nyembamba. Ilipasuka, naye akazama hadi kiunoni. Akaukita mtutu wa bunduki kwenye tope la chini, akajisukuma juu yake kama mzee na bakora, huku Hyder, akiwa amelala kifudifudi, akimvuta kwa ukosi wa kizibao chake cha rangi ya chungwa.

Walipofika penye ardhi ngumu ilikuwa imepita saa tisa na nusu. Suruali ya Ghulamabbas ilianza kukakamaa kama bati. Hyder alimvua viatu na soksi, akamfuta, akaizungushia miguu yake sweta yake mwenyewe, akavunja matawi ya msonobari na kumkalisha juu yake.

"Kiu," alisema Ghulamabbas, akachota theluji.

"Usiile. Itakupoza ndani."

"Mimi ndiye mfamasia."

"Na mimi ndiye mkavu. Itupe."

Akaitupa. Meno yake yaligongana. "Tulipunguza swala adhuhuri," alisema, "kwa hoja kwamba hii ni safari ya kutafuta chakula, si ya mchezo. Chakula kiko wapi?"

"Kinakimbia kwa miguu mitatu. Kina akili kutuzidi." Hyder alifungua bunduki yake, akatazama ndani. Ilikuwa imebaki risasi moja. "Piga zako tatu."

Ghulamabbas aliigeuza bunduki yake. Mdomo wa mtutu ulikuwa umeziba tope, na tope lilikwisha kuganda kama saruji. Hawakuhitaji jedwali kujua kwamba risasi ikikutana na kizibo kile, chuma kitampasukia mpigaji usoni.

"Nipe basi risasi zako nitie kwangu," alisema Hyder.

Akaitia ya kwanza. Komeo la bunduki likagoma kufunga. Akajaribu nyingine, kana kwamba ya pili ingekuwa na tabia njema zaidi.

"Ni ndefu," alisema.

"Kwa kiasi gani?"

"Kwa ukucha, shemeji! Ukucha wa kidole! Upana ni ule ule, kichwa ni kile kile, ganda tu limezidi ukucha! Miezi minane, na tumeshindwa na ukucha!"

"Ungenunua kama yangu..."

"Ungenunua wewe kama yangu!"

Waligombana hivyo hadi Hyder alipotambua kwamba anajibizana peke yake. Ghulamabbas alikuwa ametulia. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Nimeacha kutetemeka," alisema polepole, kwa sauti ile ile aliyoitumia kuwaeleza wagonjwa namna ya kumeza vidonge. "Si kwamba nimepata joto. Mwili umeacha kujitetea. Nina saa moja, Hyder, pengine pungufu."

Hyder alichukua bunduki ya shemeji yake, akalichomoa komeo lake, akafungua koti na shati, akauingiza mdomo wa mtutu kwapani, kwenye ngozi. Baridi ya chuma ilimkata pumzi. Akakaa ameukumbatia mtutu upande mmoja na Ghulamabbas upande wa pili, akimwamrisha aseme majina ya mitaa ya Tanga, na akimkemea kila aliporudia mtaa.

Tope lilipoanza kuyeyuka, alikata kijiti kirefu kilichonyooka, akakimenya, akakifunga kipande cha fulana yake nchani, akakipitisha kutoka nyuma. Kilikwama. Akaurudisha mtutu kwapani. Mara ya tatu uji mweusi ulitoka mdomoni mwa bunduki, nacho kitambaa kikafuata. Aliinua mtutu dhidi ya mabaki ya mwanga, akachungulia. Aliona duara, kisha akaona kivuli ndani ya duara, kisha hakuwa na hakika.

"Ni safi?" aliuliza Ghulamabbas.

"Sijui."

"Basi nipe. Bunduki ni yangu."

"Mikono yako haiwezi hata kushika kikombe." Hyder alirudisha komeo, akatia risasi, akasogea hatua kumi. "Geuza uso, shemeji. Likinipata lolote, Nilofar asikusikie ukisema nilikosea kaliba."

Alisema bismillahi na kufyatua juu.

Mtutu haukupasuka. Kitako kilimpiga begani kwa nguvu ambayo mimi niliiandika kwa tarakimu nadhifu kwenye safu ya nne, naye akaketi kwenye theluji akitukana kwa Kikachi, lugha ya wazazi wake. Akainuka, akapiga ya pili, akapiga ya tatu.

"Ni teke gani hili?" alifoka. "Unawinda kulungu au unabomoa nyumba?"

Wakangoja. Miti ilinyamaza. Akapiga tatu tena, akilia kwa maumivu na kwa hasira, na mwangwi ulipokwisha zikaja kutoka mbali, kwa sauti nzito tofauti kabisa, risasi tatu za Domina. Kwa muda wa nusu saa Hyder alimwongoza kwa mlio mmoja mmoja, hadi taa yake ilipotokea baina ya misonobari. Alikuwa na mikoba yao yote miwili mgongoni.

Aliwasha moto kwanza. Akamvika Ghulamabbas soksi kavu, akampa chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa, kidogo kidogo. Kisha akaitazama bunduki ya Hyder, akaona ile risasi ndefu ikiwa imekwama nusu mlangoni.

"Niliwaambia," alisema.

Kulungu hakupatikana, na Ghulamabbas analitaja jambo hilo kwa huzuni zaidi kuliko vidole viwili vya mguu wa kushoto alivyokatwa. Mfupa wa bega la Hyder ulikuwa na ufa. Novemba iliyofuata walikwenda na Domina wakiwa na bunduki mbili za tatu-sifuri-nane, na kila mmoja alibeba nusu ya risasi za mwenzake. Mimi sikuombwa tena kuchora jedwali.