Pete ya Mwanamke wa Kivukoni

Kila Jumatano, kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi watano wa chama cha picha walivuka uwanja wa soko na kushuka ngazi kumi na nne hadi chini ya jumba la makumbusho. Huko ndiko kulikokuwa na chumba cha giza, na ndani yake alikuwamo Mzee Dezső, ambaye alikuwa amesafisha picha kwa miaka hamsini na mmoja.

Kazi ya muhula huo ilikuwa kubwa. Makumbusho yalikuwa yakiandaa maonyesho ya kazi zote za Szegvári Ödön, mpiga picha wa mji huo, aliyefariki miaka kumi iliyopita. Picha zilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Szegvári alipiga harusi, matangazo ya viatu, mechi za mpira, madaktari wakifanya upasuaji, na mafuriko ya mto Tisza.

"Jamaa huyu alipiga kila kitu isipokuwa kuku wetu," alisema Lóránt, mvulana wa darasa la saba.

"Kuku wapo, ukuta wa tatu," Mzee Dezső alijibu bila kugeuka. "Na wametoka vizuri kuliko wewe kwenye kitambulisho chako."

Sheria za chumba cha giza zilikuwa chache. Ya kwanza: negativu, yaani kipande cha filamu chenye picha ya asili, huwekwa na Mzee mwenyewe kwenye mashine ya kukuzia picha. Watoto walishughulikia karatasi na trei za dawa. Ya pili: negativu ina upande unaong'aa na upande uliofifia, na uliofifia lazima utazame chini. Ukikosea, picha inatoka imegeuka. Mkono wa kulia unakuwa wa kushoto. Mzee Dezső hakutumia macho kuutambua upande huo. Aliigusisha pembe ya negativu kwenye mdomo wake wa chini uliolowa kidogo. Upande uliofifia ulinata, na ule unaong'aa haukunata.

Borka, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa mwanafunzi hodari kuliko wote katika chama hicho. Jumatano moja mwezi wa pili, wenzake wakiwa wameshaondoka, alipewa picha ya kusafisha peke yake: mwanamke kijana mwaka 1961, akizungusha gurudumu la kivuko asubuhi yenye ukungu. Mzee Dezső alikuwa bado hajaitoa negativu kwenye bahasha yake simu ilipolia ghorofani.

"Nisubiri," alisema, akaiacha bahasha mezani na kupanda ngazi.

Borka alisubiri dakika tano, kisha kumi. Saa kumi na nusu alitakiwa awe kwenye mazoezi ya kuogelea. Akaitoa negativu na kuisogeza mdomoni, lakini akasita. Mchana huo alikuwa amekula lángos, mkate wa kukaangwa, sokoni, na midomo yake bado iling'aa kwa mafuta na kitunguu saumu. Aliogopa kuichafua negativu yenye umri wa miaka sitini. Akaitazama kwenye mwanga mwekundu, akakisia, akaiweka.

Mzee aliporudi, picha ilikuwa tayari imetoka kwenye dawa, inaelea majini. Alisimama akiipapasa mifuko ya koti lake.

"Kwani niliiweka kabla sijapanda?"

"Ndiyo, Babu," Borka alisema. "Uliiweka."

Mzee alitazama bahasha tupu, akakuna kichwa. "Haya," alisema.

Picha ilitoka safi. Bi Hedvig, mkuu wa makumbusho, aliipenda kiasi cha kuichagua iwe bango la maonyesho. Chini yake iliandikwa kwa herufi ndogo: *Imesafishwa na Halmos Borka, miaka 12.* Jumatatu ya wiki ya maonyesho bango lilikuwa kila kituo cha basi. Mama yake Borka alibandika moja kwenye friji.

Jumatano ya wiki hiyo, kabla watoto hawajafika chini, mwanamume mnene alisimama katikati ya ukumbi akiwa ameshika bango lililokunjwa.

"Nani msimamizi hapa?"

"Ni mimi," alisema Bi Hedvig.

"Mimi naitwa Ambrus. Huyu mwanamke ni mama yangu. Tazama tumbo lake. Aliye humo ni mimi." Akalikunjua bango. "Sasa tazama pete. Iko mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Pete ya kushoto ni ya uchumba! Mama aliihamishia kulia kanisani mwaka 1959. Nina miaka sitini, bibi wewe, na tangu juzi majirani kituoni wananiuliza kama babangu ninamfahamu. Wao wanacheka. Mama hacheki. Amesema Jumamosi haji, na wala hatoki nje."

Bi Hedvig alichukua bango, akaenda na Mzee Dezső kwenye meza yenye mwanga, wakailaza negativu hapo. Hawakuhitaji hata dakika moja. Picha ilikuwa imegeuzwa.

"Dezső, nani aliiweka?"

"Negativu naweka mimi," alisema Mzee.

"Na macho yako?"

"La kushoto limeshafanyiwa upasuaji. La kulia ni mwezi wa tano."

Bi Hedvig alivua miwani yake. Alizungumza kwa upole, na upole huo ulifanya maneno yawe mabaya zaidi. "Nilikuambia upumzike. Jumamosi baada ya ufunguzi, nipe ufunguo wa chumba cha giza. Bila wewe chama cha picha hakiwezi kuendelea, hilo najua. Lakini negativu hizi haziko mbili mbili."

Wakati huo watoto walikuwa wameshafika, na Borka alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo. Alifungua mdomo. Kila mtu alikuwa akimtazama Mzee, na Mzee alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe. Borka akaufunga mdomo.

Kuanzia saa hiyo hakupata pa kupitia. Kituo cha basi mbele ya shule kilikuwa na mwanamke wa kivukoni, mrefu kuliko mwalimu, pete kushoto. Borka akaamua kutembea kwa miguu. Kwenye duka la mikate mwanamke huyo alikuwapo tena, mlangoni. Nyumbani, friji ilimngoja.

"Hujala chochote," mama yake alisema Alhamisi jioni. "Msanii wangu ana nini?"

"Usiniite hivyo, Mama."

"Makubwa! Jina liko mji mzima, na bado ananuna."

Alifikiria kuandika barua isiyo na jina. Lakini ni mtu mmoja tu aliyekuwa na Mzee siku ile, kwa hiyo jina lingejulikana. Alifikiria kungoja Jumamosi ipite. Lakini Jumamosi ikipita, ufunguo ungekuwa umekwenda. Alifikiria kumwambia Bi Hedvig kwamba ni macho tu, kila mzee hukosea. Hilo lingekuwa uongo wa pili wa kuushikilia wa kwanza.

"Yule Mzee Kipofu katuponza," Lóránt alisema Ijumaa kwenye korido. "Jumatano sasa tutakwenda wapi? Kusuka nyuzi na akina bibi?"

"Si kipofu," alisema Borka.

"Wewe ndiye wa kumtetea? Amekuharibia bango lako!"

Borka aliondoka.

Alasiri hiyo Mzee Dezső alimwita asaidie kusafisha picha upya, kwa kuwa jina lililokuwa chini ya picha lilikuwa lake. Mlango wa chumba cha giza ukafungwa kwa komeo, kama sheria ilivyotaka karatasi ikiwa nje ya boksi. Taa nyekundu ikawaka. Mzee akaitoa negativu kwenye bahasha, akafumba macho yote mawili, na kuigusisha pembe yake mdomoni. Akaigeuza, akaigusisha tena. Upande huu ulinata. Akaiweka.

Borka aliona alichokuwa anakijua siku zote na hakuwa amekifikiria. Mzee hakuhitaji macho kwa kazi hii. Sababu ya kumnyang'anya ufunguo haikuwa ya kweli, na mtu pekee aliyeweza kueleza kwa nini alikuwa yeye.

Picha iliingia kwenye trei ya mwisho ya dawa. Saa ya ukutani ilianza kuhesabu dakika tano.

"Babu, hukuiweka wewe."

"Nini?"

"Negativu, siku ile. Uliiacha mezani ndani ya bahasha. Niliiweka mimi. Nilikuwa na mafuta mdomoni, kwa hiyo sikujaribu. Nilikisia."

Borka alitamani kukimbia, lakini mlango haukuweza kufunguliwa mpaka dakika ziishe. Alisimama hapo hapo, kwenye mwanga mwekundu, akisikia saa.

"Tangu juzi," Mzee alisema mwishowe, "nyumbani naandika kila ninachofanya. Nimezima jiko. Nimefunga mlango. Nimemeza dawa. Macho kuchoka si neno, nililitarajia hilo. Lakini ile bahasha niliikumbuka mezani, imejaa, kama ninavyokuona wewe. Ukaniambia niliiweka. Ikabidi niamini mmoja, wewe au kichwa changu. Nikakuamini wewe."

Borka alilia. Mzee hakumbembeleza. Saa ilipolia, aliishika picha kwa koleo na kuihamishia majini.

"Kesho utamwambia Hedvig," alisema. "Mimi sitakusemea. Na sitakuzuia."

Jumamosi saa tatu asubuhi, saa moja kabla ya ufunguzi, Borka, mama yake na Mzee Dezső walikuwa ofisini kwa Bi Hedvig. Bwana Ambrus alikuwapo pia, na pembeni yake, kwa kuwa mwanawe alikuwa amembembeleza usiku kucha, alikaa mama yake, Bibi Rozália, mwanamke wa kivukoni mwenyewe, mwenye miaka themanini na minne. Borka alieleza yote kwa mpangilio: simu, lángos, kukisia, na maneno aliyomwambia Mzee. Hakuruka kitu.

"Basi nami nina kosa langu," alisema Bi Hedvig. "Nilisikia neno macho, nikaacha kuuliza." Akausukuma ufunguo, uliokuwa tayari mezani, ukarudi kwa Mzee Dezső. "Borka, hutagusa mashine ya kukuzia mpaka Krismasi. Utaosha trei."

"Ndiyo, Bi Hedvig."

Bibi Rozália aliinua mkono wake wa kulia. Pete ilikuwa imezama kwenye kidole chembamba. "Miaka sitini na mitatu haijatoka hapa," alisema. "Lángos gani hiyo ulikula, mwanangu?"

"Ya kitunguu saumu na krimu, Bibi."

"Angalau ulichafuka kwa kitu cha maana." Kisha akaacha kutabasamu. "Lakini siku tano sikutoka nje. Hilo ulijue."

Picha zote mbili ziliwekwa kwenye maonyesho, bega kwa bega, iliyogeuka na iliyo sahihi, na maelezo mafupi ya jinsi ya kuzitofautisha kwa pete. Watu walisimama hapo zaidi kuliko mahali pengine pote.

Jumatano iliyofuata, watoto wote watano wakiwa wamekusanyika, Mzee Dezső alisema maneno machache kabla ya kuzima taa.

"Kila mtu humu atakosea. Mimi nimeharibu picha nyingi kuliko mlizowahi kuziona. Negativu ikigeuka, tunasafisha picha upya kwa dakika nane. Lakini ukimwambia mtu jambo ambalo halikutokea, unamharibia kitu ambacho hakina trei ya kukisafishia. Kwa hiyo ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kosa likiwa bado dogo."

Borka alifunga aproni na kuanza kuosha trei. Baada ya nusu saa simu ililia ghorofani. Mzee alipanda ngazi, akakaa sana, akarudi akihema, na kusimama mbele ya mashine.

"Kwani niliiweka kabla sijapanda?"

"Hapana, Babu," alisema Borka. "Iko mfukoni mwako."