Sabaha Alipovaa Kofia ya Liwali

"Chukua kanga zako za posa," Sabaha alisema, akazitupa juu ya meza ya karani. "Doti nzima hiyo. Sijaivaa hata mara moja, usije ukasema nimekuchakazia."

Isihaka alisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka. "Sabaha! Watu wa baraza wanatusikia!"

"Wasikie. Kwani hawajui kaka yangu Mohamedi yuko mahabusu hapo nyuma, anangoja viboko?"

Jamani, huyu Isihaka ndiye alikuwa karani wa baraza la Ruangwa, na ndiye mchumba wa Sabaha. Kijana mtanashati, kasoma Lindi, Kiingereza anakimwaga kama maji. Posa ilishapokelewa, harusi ilikuwa inangoja mavuno tu. Na Mohamedi kosa lake lilikuwa moja: alikataa kulima bure shamba la ufuta la Liwali Abdalah kule Nandagala. Liwali akamshitaki, Liwali akamhukumu, Liwali akasema rufaa hakuna. Viboko vilikuwa vinangoja wageni wa Umoja wa Mataifa waje, waondoke zao.

"Hao wageni," Sabaha alisema, "si uliniambia mwenyewe wana nguvu kuliko Bwana Shauri?"

"Wana nguvu. Mwingereza nchi hii kakabidhiwa tu na Umoja wa Mataifa, na kuna mkataba. Wanakuja kukagua mahakama, jela, kila kitu. Hilo la viboko wamelipigia kelele muda mrefu huko kwao. Kesho watakuwa Nachingwea."

"Na mkalimani wao nani?"

"Mimi."

"Basi waambie."

Isihaka akainama kuokota kiti.

"Isihaka, waambie!"

"Liwali kanionya," alisema kwa sauti ya chini. "Neno lolote baya nilipoze, liwe salamu. Nikikaidi, kazi sina."

"Na ukitii, mke huna." Macho ya Sabaha yalikuwa yamejaa machozi, lakini sauti haikutetereka. "Baba yangu ni marehemu. Atakayenioza ni Mohamedi. Unataka aje kukupa mkono na mgongo umechanika, na wewe ndiye uliyenyamaza?"

Sabaha akatoka, kanga akaziacha mezani.

Nyumbani alimkuta mama yake, Mwanawetu, anapeta mtama.

"Mama, kesho naenda Nachingwea kusema."

"Mwanangu, usithubutu! Ukimshitaki Liwali watakuunganisha na kaka yako."

"Simshitaki. Namtania."

Ungo wa Mwanawetu ulisimama hewani. Ukoo wao na ukoo wa Liwali ni watani tangu enzi za mababu. Mtani hata msibani anakuja na vituko vyake, anamwiga marehemu alivyokuwa anatembea, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Mtani hakasirikiwi. Akikasirika mtu, aibu ni yake yeye.

"Utamtania mbele ya wageni wa dunia nzima?"

"Hao hasa ndio ninaowataka."

Mwanawetu alimtazama binti yake, akaanza kucheka mpaka ungo ukamwaga mtama. "Chukua kofia ya baba yako basi. Na mwiko wa ugali, ule mkubwa. Fimbo ya Liwali haina tofauti nao."

Kesho yake ghala la karanga la Nachingwea lilifurika. Wakulima walitoka Malolo, Chunyu na kwingineko, wengine wamedandia malori ya karanga. Mbele walikaa wageni wa rangi mbalimbali, wamevaa suti kwenye joto lile. Pembeni yao alikaa Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, kisha Liwali Abdalah na joho lake jeusi lenye tarizi, fimbo mapajani. Isihaka alisimama katikati, amelowa jasho.

"Wageni wanauliza, nani ana malalamiko juu ya mabaraza?" alitafsiri, bila kuangalia upande wa wanawake.

Mzee mmoja wa Malolo alisimama. "Tunalimishwa bure, tukikataa tunachapwa!"

Isihaka akakohoa, akasema maneno machache ya Kiingereza. Wageni wakatabasamu, wakamwitikia mzee kwa vichwa. Sabaha Kiingereza hakijui, lakini mtu haambiwi habari za kuchapwa akatabasamu namna ile. Moyo ulimuuma. Ulimuuma kweli, kwa sababu bado alikuwa anampenda mwanamume yule.

Akasimama. Kofia kichwani, kanga kaitupia mabegani kama joho, mwiko mkononi. Akatembea kama Liwali, tumbo mbele.

"Nyamazeni! Baraza limeanza!" aliunguruma.

Watu wakashika midomo.

"Mshitaki nani? Mimi Liwali! Shahidi nani? Si mimi huyu huyu! Hakimu je? Mnaangalia wapi, mbona mimi nipo!"

Ghala zima likalipuka kwa kicheko.

"Kosa la Mohamedi? Kakataa kulima ufuta wangu Nandagala. Anataka ujira! Ujira wa nini, wakati nimempa heshima ya kunitajirisha? Rufaa? Aniletee mimi, nitaisikiliza nikishiba. Na mimi, mnanijua, sishibi! Mpeni viboko, lakini ngojeni wageni wapande ndege kwanza!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kiongozi wa wageni, mtu mfupi mwenye miwani, alimgeukia Isihaka akauliza jambo.

"Mwambie ananisifu," Liwali alisema upesi. "Ni ngoma ya kunikaribisha."

Bwana Shauri naye alimkazia macho Isihaka.

Isihaka akamwangalia Sabaha. Sabaha alimnyooshea mwiko tu, kama anayempokeza mzigo.

Isihaka akaupokea.

Alianza kuongea, mwanzoni taratibu, halafu kwa sauti kubwa. Sabaha alisikia "Nandagala." Alisikia "Mohamedi." Alimwona akijipiga kifua, mara kama mshitaki, mara kama shahidi, mara kama hakimu, akiinua ule mwiko kama fimbo. Akamgeukia hata mzee wa Malolo, akamwonyesha kwa kidole, akayatafsiri upya na malalamiko yake. Sura za wageni zikabadilika. Hakuna aliyetabasamu tena. Bwana Shauri uso ulikuwa mwekundu kama pilipili.

"Huna kazi!" Liwali alifoka. "Tangu leo huna kazi! Na wewe, mwanamke mshenzi..." Akanyanyuka, fimbo juu, akamwendea Sabaha.

Sabaha hakurudi nyuma. "Mtani, umekasirika?"

Dada zake Liwali wenyewe, waliokuwa upande wa wanawake, ndio walioanza kupiga kelele.

"Uuuwi! Mtani kakasirika! Abdalah, unatuaibisha!"

Fimbo ikabaki juu. Wageni wote walikuwa wameiona. Yule wa miwani akasimama, akasema maneno machache mazito.

"Anataka kumwona Mohamedi," Isihaka alitafsiri, na safari hii sauti yake ilijaa ghala. "Leo. Sasa hivi."

Magari yaliondoka na vumbi kuelekea Ruangwa, Sabaha na Isihaka wakiwamo. Kabla jua halijazama, Bwana Shauri mwenyewe, mbele ya wageni, aliifuta ile hukumu, na Mohamedi akatoka mahabusu na mgongo wake mzima. Mwanawetu alimshikashika mwanawe mgongoni kama haamini. Liwali naye akaondolewa barazani.

Isihaka alikuwa amesimama peke yake nje ya baraza.

"Kazi sina, Sabaha. Bwana Shauri hakunirudishia."

"Nimesikia. Kanga zangu ziko wapi?"

"Mezani, ulipozitupa. Mimi siruhusiwi kuingia tena."

"Nitazifuata mwenyewe. Nimwone wa kunizuia!"

Akaingia, akatoka amejifunga moja, nyingine kaitupia begani. Isihaka alicheka huku anafuta machozi, wala hakuyaficha.

Ufuta ulipovunwa, Isihaka akiwa na shamba lake mwenyewe Chunyu, harusi ikafungwa. Dada zake Liwali walikuja kama watani, wakaziba mlango mpaka wakapewa chao. Mohamedi akamshika Isihaka mkono.

"Nakuoza dada yangu Sabaha."

"Nimekubali kumuoa."

"Mkalimani!" watani wakapiga kelele dirishani. "Hatujasikia, tafsiri!"

Isihaka akasema kwa Kiingereza. Hakuna aliyeelewa. Akasema kwa Kimwera, nyumba ikalipuka kwa vigelegele.

Chumbani, Sabaha alijikunyata ndani ya kanga zile zile, anacheka.

"Mama, umesikia? Leo hajapoza hata neno."