Siri ya Mwalimu wa Udereva

Taa ziligeuka kijani, zikarudi nyekundu, zikageuka kijani tena, na gari dogo la bluu lilikuwa palepale katikati ya njia panda, limetulia kana kwamba liko kwao. Ilikuwa saa ya watu kutoka kazini na honi zilipigwa mpaka wauza magazeti wakaziba masikio. Mwenye gari, mwanamke wa gauni la njano lililomkaa vyema kiunoni, miwani ya jua juu ya kichwa, alikuwa amesimama kando ya mlango akiandika kwenye simu.

"Kaka wa lori!" akapaza sauti. "Hilo tusi la mwisho hebu lirudie. Ulisema bibi yangu alifanya nini?"

Dereva wa lori alizoea watu wamjibu au walie. Huyu alimshinda, akapandisha kioo.

Nyuma ya lori kulikuwa na gari la shule ya udereva. Mwalimu alimwambia mwanafunzi wake avute breki ya mkono, kisha akashuka. Alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, na mwendo wake haukuharakishwa na honi ya mtu.

"Dada, unaandika nini katikati ya barabara?"

"Matusi. Haya hayapatikani dukani."

"Na gari?"

"Limegoma. Mimi sina ugomvi nalo."

Mwalimu akaingia, akagusa hiki na kile, gari likanguruma. "Halijagoma. Umeliacha kwenye gia ya tatu, ukaondoa mguu kwenye klachi. Leseni ulipewa na nani, shangazi yako?"

"Shangazi angeninyima," akacheka. "Unafundisha siku gani?"

"Kwa hali yako? Kila siku."

Ndivyo walivyoanza. Yeye alimwita Mwalimu, naye akaitwa Bi Klachi, ingawa mjini wengi walimjua kwa kazi yake. Alikuwa mwandishi wa filamu na tamthilia. Alianza na matangazo ya sabuni, akaandika filamu mbili ambazo ni shangazi zake tu waliozitazama, na sasa alikuwa mwandishi mkuu wa tamthilia ambayo ikianza jioni, hata wagombanao huahirisha ugomvi. Kazi aliijua, na hakujifanya haijui. Aliifanya kwa masikio: saluni, kwenye foleni, ngazini, popote watu waliposahau kwamba wanasikika.

"Bi Klachi, umelala?" Mwalimu alimpigia jioni.

"Nimelala. Unaongea na ndoto."

"Basi mwambie mwenye ndoto kesho avae viatu vya chini. Visigino vile vinaniulia klachi."

"Mwenye ndoto anasema ukimtaka utamkuta na visigino."

"Mwambie namtaka."

Jumapili moja mvua iliwakuta ndani ya gari la mafunzo, uwanjani. Vioo vilijaa ukungu. Mwalimu alishika usukani ingawa gari lilikuwa limezimwa.

"Nilikuwa na mchumba," akasema. "Wiki ya harusi akaniambia moyo wake uko kwa mwingine. Alilia mpaka akatetemeka. Kwao wangemla mzima. Nikawaendea wazee, wa kwake na wa kwangu, nikawaambia, 'Msimlaumu. Mimi ndiye nimeghairi, na sina sababu.' Baba yake alinitemea mate. Mama yangu mpaka leo ananipakulia chakula bila kunitazama usoni."

"Hujamwambia hata mama?"

"Sijamwambia mtu. Wewe ndiye wa kwanza."

Mwandishi alimshika mkono. Hapo ndipo alipompenda hasa. Kabla ya siku hiyo alikuwa anampenda kwa utani.

Sasa sikieni balaa. Asubuhi moja mwigizaji mkuu wa tamthilia alihamia kituo kingine bila kuaga. Mtayarishaji akataka hadithi mpya kabla ya chakula cha mchana, na macho yote chumbani yakamgeukia Mwandishi. Alifungua mdomo, siri ya Mwalimu ikatoka. Mwalimu wa udereva akageuzwa daktari wa meno, wazee wakahamishiwa ghorofani, lakini "Msimlaumu, mimi ndiye nimeghairi, na sina sababu" aliyaacha yalivyo, kwa kuwa yalikuwa maneno mazuri. Waandishi ndivyo walivyo. Wakipenda maneno, husahau kuwa yana mwenyewe.

Siku sehemu hiyo iliporushwa, Mwalimu alikuwa sebuleni na mama yake. Mama aliweka kikombe chini.

"Haya maneno uliyasema wewe, kwenye kochi hilihili," akasema, akamtazama usoni. "Mwanangu, kumbe yule binti ndiye aliyekukataa?"

Kudanganya mara ya pili kulimshinda. Mama akamwambia dada yake, na dada yake hajawahi kubeba siri hadi nyumba ya pili. Kesho yake yule mchumba wa zamani, sasa mke wa mtu, alikuwa anahojiwa na mama mkwe wake mbele ya watoto.

Simu ya Mwandishi ilikuwa ya furaha tupu. "Mpenzi, umeiona? Watu wanapiga kituoni hawakatiki!"

"Nimeiona."

"Mbona sauti hiyo?"

"Siku ile ya mvua, ulikuwa unanisikiliza au ulikuwa kazini?"

"Mpenzi, sikumtaja mtu jina."

"Sikukuuliza hilo."

Mwandishi, anayewapa majibu watu wote wa kwenye runinga, akaizima runinga yake.

"Siri ile haikuwa yangu peke yangu," Mwalimu akasema. "Kwaheri, Mwandishi."

Mwandishi alianza kwa kukasirika, maana hasira ni rahisi. Kisha alilia, na alilia kwa sauti, kwa kuwa alimpenda na alijua ni mdomo wake mwenyewe uliomponza. Alipomaliza alinawa uso, akapaka rangi ya midomo, akaenda kwa mtayarishaji.

"Umekuja wakati mzuri!" mtayarishaji akasimama. "Tunataka ukweli ufichuke mbele ya mume wa yule binti!"

"Haufichuki. Daktari wa meno anasafiri, na harudi."

"Umerukwa na akili? Hii ndiyo hadithi ya mwaka!"

"Ni ya mtu. Niliichukua bila ruhusa, naiacha hapa."

"Ataandika mwingine."

"Aandike, uone kama watazamaji hawatajua. Au nikupe nyingine, mali yangu mwenyewe."

Akaketi pembeni ya meza, akasimulia. Zamani kulikuwa na mwanamke aliyetaka kumwacha mchumba wake, akashindwa kusema. Akaandika maneno matamu ya kuagana, akampa dada yake ayasome kwenye simu kwa kuiga sauti, huku yeye kakaa kando anatafuna karanga. Yule mwanamume alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Asante, shemeji. Mwambie nimesikia."

Mtayarishaji alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akaacha kucheka.

"Na huyo mwanamke ni nani?"

"Unamtazama."

Lakini kabla ya kuandika hata mstari, alimpigia yule mwanamume kumwomba ruhusa, safari hii kwa sauti yake mwenyewe. Jamaa alicheka, akasema aandike, ila mwanamke wa hadithi ampunguzie karanga.

Sehemu iliporushwa, mama yake alipiga kabla haijaisha. "Yule mla karanga asiye na haya ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Na dada yako akakubali?"

"Alitaka na yeye karanga."

"Aibu gani hii, jamani!"

"Yangu, mama. Ni yangu mwenyewe."

Mwandishi akamkuta Mwalimu uwanjani, anapanga nguzo za kufundishia kuegesha gari. Akaingia kwenye gari la mafunzo, akangoja. Baada ya muda Mwalimu naye akaingia.

"Leo hakuna somo."

"Sikufuata somo. Nilikusikiliza nikikupenda, kisha nikaenda kazini nikakuuza. Yote mawili ni kweli. Nisamehe. Nilienda na kwa yule mchumba wako wa zamani, akanifungia mlango, nikamwomba radhi nikiwa nje ya mlango."

"Nilisikia. Na karanga nimeziona. Mama alicheka mpaka akakohoa."

"Mama yuko vipi?"

"Siku hizi ananitazama usoni. Hilo halifuti kosa lako."

"Halifuti."

"Uliniumiza, Bi Klachi."

Kusikia jina lile, machozi yalimtoka bila kubisha hodi. Mwalimu akampa leso, akatazama nguzo zake.

"Nina jambo jingine moyoni," akasema. "Hili pia sijamwambia mtu."

Mwandishi akatoa simu mkobani, akaizima.

"Uko kazini?"

"Niko hapa na wewe."

Mwalimu akainama, akamwambia sikioni. Mimi ninayewasimulia nimeingia sebuleni kwa watu, ofisini, hadi ndani ya gari lenye ukungu, na maneno hayo nimeyasikia yote, tena ni mazuri kuliko yale ya mwanzo. Hamtayapata kwangu.

Mwandishi alipowasha simu, mama yake alikuwa anapiga. "Shangazi yako kapita huko kakuona unalia kwenye gari la shule. Kuna nini?"

"Naolewa, mama."

"Weee! Kasemaje? Nipe neno kwa neno!"

"Kasema ya kwake, mama. Mimi nikasema ndiyo."

"Ndiyo tu? Wewe, mwandishi mzima?"

"Ndiyo tu, mama."